Kutembea Mafia ukiwa mgeni: angalia maji kabla ya saa

Msikilizaji, Mafia ni wilaya ya mkoa wetu wa Pwani, lakini wengi wetu huku Zinga tunaijua kwa jina tu. Tukiitaja hewani, swali ni lile lile: nikishafika, natembeaje?

Tuanze na kufika. Toka Zinga panda gari hadi Dar es Salaam, nenda Mbagala Rangi Tatu, upate basi la Nyamisati, wilayani Kibiti. Hapo utapata kivuko cha MV Kilindoni au boti nyingine. Uliza saa ya kuondoka siku moja kabla, maana hubadilika. Boti ikijaza watu kupita kiasi au ikikosa jaketi okozi, usipande, hata kama unawahi mazishi. Hapo hatuna mjadala.

Utashukia Kilindoni, makao makuu ya wilaya, penye soko, nyumba za wageni na bodaboda. Patana nauli kabla hujapanda. Barabara ya Utende, upande wa mashariki, ni ya lami, kama kilomita 14. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambapo mgeni hulipa kiingilio, tunza risiti. Kaskazini, kuelekea Kirongwe hadi Bweni, toka asubuhi. Magari ni machache na giza likikukuta huko, utatafuta pa kulala.

Wageni wengi hukwama kwenye visiwa vidogo: Chole, Juani na Jibondo. Huko mwenye ratiba ni bahari. Aliyekulia Mlingotini anajua: siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hupwa sana mida ya saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Chombo husimama mbali, nawe unashuka na kutembea majini, viatu mkononi. Vaa kandambili ngumu, chini kuna mawe na miiba ya baharini. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho ni saa 5 kasoro dakika 10. Ukitaka kuona magofu ya mji wa kale wa Kua, kisiwani Juani, nenda maji yakiwa yamejaa ili chombo kikaribie.

Basi kabla hujamlipa nahodha, muulize mambo mawili: tunarudi maji yakiwaje, na upepo ukigeuka je? Wakati wa kusi bahari huchafuka, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze. Sisi tuliwahi kumbembeleza mmoja, tukarudi tumelowa hadi kinasa sauti.

Siku ya kuondoka usiamkie Chole. Lala Kilindoni usiku wa kuamkia safari, uwe karibu na gati.