Saida Karoli: Kutoka ngoma ya Kihaya hadi Bongo Fleva

Saida Karoli ni mwimbaji wa nyimbo za asili kutoka mkoani Kagera, aliyejulikana nchi nzima akiimba kwa Kihaya huku akipiga ngoma. Wimbo wake "Maria Salome" wa mwaka 2001, ambao mtaani wengi wanauita "Chambua Kama Karanga", ulipendwa hata na wasiojua Kihaya.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo huo. Vijana ambao hawakumjua Saida wakamjua, na mwaka 2017 akarudi na "Orugambo".

Wimbo ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatofautisha mambo mawili. Wimbo uliotungwa na mtu unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo anayetaka kuurudia lazima aombe ruhusa. Nyimbo za jadi, kama za sindimba ya Wamakonde, ni za jamii. Kuziimba kwenye ngoma kijijini hakuna shida, ila kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali.

Kwa msanii wa Nanganga au Newala anayetaka kutoboa kama Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, hilo ni la kujua kabla ya kuingiza sindimba kwenye biti. Akitunga wimbo wake mwenyewe, usajili Cosota utamsaidia kuthibitisha umiliki pakitokea mgogoro.