Pazia Katikati ya Ndege: Asili ya Daraja la Biashara

Neno "daraja" lina maana zaidi ya moja katika lugha yetu. Ni kivuko kiunganishacho ng'ambo mbili, na ni cheo kitengacho mtu na mtu. Usafiri wa ndege umeichukua maana ya pili peke yake. Mwanafunzi akitazama tiketi ya safari ndefu atakuta daraja la kwanza, daraja la biashara na daraja la kawaida; na akisoma matangazo ya mashirika ataambiwa kwamba kiti cha shirika hili ni kitanda, cha shirika lile ni chumba chenye mlango, na kwamba chakula cha lingine hushinda cha hotelini. Watu hulinganisha mashirika kwa mambo hayo matatu: kiti, chakula na huduma. Kwa maoni yangu ulinganisho huo hauna mashiko mpaka ijulikane kwanza daraja hili lilizaliwa katika ugomvi gani. Halikuzaliwa na ukarimu wa mashirika. Lilizaliwa na manung'uniko ya abiria waliolipa nauli kamili, kisha wakajikuta wameketi bega kwa bega na wenzao waliolipa nusu.

Tuanze karibu na kwetu. Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kupeleka ndege za kutua majini kutoka Southampton hadi Durban. Ndege hizo zilifuata mto Nile, zikatua Khartoum na Malakal, kisha Port Bell, bandari iliyo jirani na Kampala katika ziwa la Viktoria. Kutoka hapo zilikwenda Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuendelea kusini. Safari ilihesabiwa kwa siku, si kwa saa. Ndani hamkuwa na madaraja, kwa sababu nauli yenyewe ilikwisha kuwachuja watu kabla hawajafika gatini. Abiria walikuwa wachache, wasiofika 30. Palikuwa na nafasi ya kusimama dirishani na kutazama viboko mtoni, na chumba cha wavutaji sigara. Mzigo uliothaminiwa kupita abiria ulikuwa ni barua, maana serikali ya Uingereza ndiyo iliyolipia uchukuzi wake. Usiku ndege hizo hazikuruka, bali abiria walishushwa na kulala hotelini. Hivyo kitanda kinachotangazwa leo kama maajabu kilikuwamo ndani ya nauli tangu zamani hizo, ila kilikuwa nchi kavu.

Mgawanyiko ulikuja mwaka 1952, na tarehe zake zapasa kukumbukwa kwa pamoja. Tarehe 1 Mei mwaka huo mashirika yaliyovuka bahari ya Atlantiki yalianzisha daraja la watalii, lenye nauli ndogo na viti vilivyosongamana. Kesho yake, tarehe 2 Mei, shirika la BOAC lilirusha ndege ya Comet kutoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti, ikiwa na viti 36 tu. Nayo ilitua Entebbe njiani. Kwa muda wa siku mbili dunia ilionyeshwa njia mbili za kuruka: kwenda na wengi kwa bei ndogo, au kwenda na wachache kwa kasi na starehe. Comet ile iliondolewa angani mwaka 1954 baada ya ajali zake. Daraja la watalii lilibaki.

Hapa hapana budi kueleza kanuni iliyotawala miaka ile. Nauli za kimataifa zilipangwa na mashirika yenyewe ndani ya jumuiya yao, IATA, iliyoundwa mwaka 1945. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumpunguzia msafiri bei, mashindano yote yalihamia kwenye sahani na kiti. Na kwa kuwa hayo nayo ni gharama, jumuiya ikaanza kuvitungia sheria hata vyakula. Mwaka 1958 lilipoanzishwa daraja la bei nafuu zaidi kuvuka Atlantiki, iliamriwa kwamba abiria wake wapewe sandwichi tu, tena ziwe za kawaida na baridi. Mashirika ya Ulaya, mathalani SAS, KLM na Swissair, yakaandaa kipande cha mkate kilichofunikwa kwa nyama, samaki na jibini hata mkate wenyewe usionekane. Shirika la Pan Am la Marekani likashtaki kwamba hiyo si sandwichi bali ni mlo kamili. Shauri likasikilizwa kwa uzito wote, na SAS ikatozwa faini. Ni katika hali hiyo hiyo KLM ilianza, mwaka 1952, kuwapa abiria wa daraja la kwanza vinyumba vidogo vya kauri vyenye kileo ndani. Sheria ilizuia zawadi za thamani. Lakini ni nani awezaye kukataza kinywaji, hata kama chupa yake ina umbo la nyumba? Vinyumba hivyo hutolewa hadi leo, ila sasa hupewa abiria wa daraja la biashara, kwa maana daraja la kwanza la shirika hilo lilikwisha kufutwa.

Kilichovunja utaratibu huo ni ukubwa wa ndege. Boeing 747 ilianza kazi mwezi Januari 1970, ikiwa na viti vingi mno kuliko watu wa kuvijaza. Mashirika yakabuni nauli za punguzo za kila namna kwa watalii na vikundi. Mwaka 1977 mfanyabiashara Freddie Laker akaanza kuwavusha watu kutoka London hadi New York kwa pauni 59, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kuondoa udhibiti wa nauli za ndani ya nchi. Sasa tazama taabu ya karani mkuu au mhandisi aliyetumwa na kampuni yake. Yeye hawezi kungoja punguzo, maana safari yake huamuliwa leo na kuanza kesho. Amelipa nauli kamili, na kiti chake ni kile kile cha jirani aliyelipa kidogo mno.

Jawabu la kwanza la mashirika lilikuwa ni pazia. Katika mwaka 1978 Pan Am na British Airways zilitenga sehemu ya mbele ya daraja la kawaida kwa ajili ya wenye nauli kamili, ya kwanza ikaiita Clipper na ya pili Club. Mwaka 1979 Qantas ya Australia ikalitumia jina la biashara. Viti mwanzoni havikutofautiana sana na vya nyuma. Kilichouzwa kilikuwa ni utulivu, kinywaji cha bure, na pengine kiti kitupu ubavuni. Mwaka 1981 Jan Carlzon alishika uongozi wa SAS, naye akalifuta daraja la kwanza katika safari za Ulaya ili ndege nzima imtazame msafiri wa kazi. Wengine walimcheka, kisha wakamwiga.

Baada ya hapo kiti kikaanza kukua. Kilipanuka, kikaegemea zaidi, kikaota pahali pa kuwekea miguu. Na mwaka 2000 British Airways ikaweka katika daraja hilo kiti kinacholala sawasawa kama kitanda. Ili vitanda vingi vitoshe, nusu ya abiria waligeuzwa kutazama nyuma, na aliyeketi dirishani alilazimika kuiruka miguu ya jirani kila alipotaka kutoka. Shirika la Emirates lilijengea ndege zake za A380, tangu mwaka 2008, baraza la vinywaji kwa abiria wa juu. Lakini katika Boeing 777 nyingi za shirika hilo hilo viti vya biashara vilipangwa saba kwa safu, hata mtu aliyelipa maelfu ya dola akajikuta amebanwa katikati ya wawili. Kazi ya kuvibadilisha vya baadhi ya ndege hizo ilianza kuonekana mwaka 2024. Qatar Airways ilikwenda mbele zaidi mwaka 2017, ikaweka vijumba vyenye mlango wa kufunga, na vinne vya katikati vyaweza kufunguliwa watu wanne wakala pamoja wakitazamana. Nionavyo, hicho ndicho kiti kilichofikiriwa vizuri kupita vyote vya zama hizi. Basi anayelinganisha viti na asihesabu sifa za tangazo. Na aulize mambo mawili tu: je, kinalala sawasawa, na je, naweza kufika ujiani bila kumwamsha mtu?

Ama chakula, hapa matangazo hupotosha zaidi. Hewa ndani ya ndege iliyo juu hulingana na ya mahali penye mwinuko wa hadi meta 2,400 hivi, sawa na mtu aliyesimama Addis Ababa, nayo ni kavu kupita kiasi. Pua hukauka, na ladha ya chumvi na ya sukari hufifia. Lufthansa iliona kwamba abiria wake huagiza maji ya nyanya kwa wingi wawapo angani, na uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ulieleza kwamba sababu ni huko kubadilika kwa ladha. Tena chakula chote hupikwa nchi kavu, hupozwa, kisha hupashwa moto. Kwa hiyo kipande cha nyama ya kuchoma, ambacho ndicho fahari ya mashirika mengi ya Magharibi, huwa kimekwisha kushindwa kabla hakijafika mezani. Na mchuzi mzito wenye viungo hustahimili safari. Wat na injera ya Ethiopian Airlines, au mchuzi wa Kihindi, havina haja ya kuomba radhi. Singapore Airlines imetumia njia nyingine: tangu mwaka 1998 msafiri aweza kuchagua mlo wake kabla ya siku ya safari. Turkish Airlines humvika mhudumu kofia nyeupe ya mpishi. Chakula chao ni kizuri, lakini kofia ile ni mchezo wa jukwaani.

Huduma ni ngumu kupima, kwani hutegemea mtu aliyepangwa zamu siku ile, na sitaisema sana. Linalopimika ni nafasi, na nafasi ya mbele huchukuliwa mahali. Daraja la biashara limekwisha kulimeza daraja la kwanza katika mashirika mengi, na huko nyuma Boeing 777, ambayo zamani ilikuwa kwa kawaida na viti tisa kwa safu, sasa mashirika mengi huijaza kumi.

Mashindano haya yanazigusa nchi zetu pia. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, ilishindana na wakubwa kwa kununua ndege zile zile walizokuwa nazo wao: Comet mwaka 1960, Super VC10 mwaka 1966. Warithi wake hawana hiari zaidi. Kenya Airways katika Boeing 787 imeweka viti 30 vinavyolala na 204 vya kawaida, na kwa ndege hizo ilianza mwaka 2018 safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Uganda Airlines, iliyofufuliwa mwaka 2019, ilinunua A330 zenye vitanda 20 mbele, viti 28 vya daraja la kati, na 210 nyuma. Shirika dogo lisipokuwa na kitanda, balozi na meneja watapanda ndege ya Emirates au ya Ethiopian. Likiwa nacho, nacho kikaruka kitupu, hasara hulipwa na hazina, yaani na watu ambao wengi wao hawajapata kupanda ndege.

Na jina lenyewe, sisi walimu tulitazame. Wanaoketi katika daraja "la biashara" aghalabu ni watu wa ofisi, ambao nauli yao haikutoka mfukoni mwao. Wafanyabiashara wetu wa Kampala, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, waendao Dubai na Guangzhou kununua vitambaa, simu na vipuri, wengi wao huketi nyuma ya pazia wakipiga hesabu ya kilo za mizigo, kwa sababu tofauti ya nauli ya kitanda kimoja ni marobota kadhaa ya vitenge.