Chumba Kimoja, Jioni Moja: Sehemu ya Kwanza ya Cheers na Asili Yake Redioni

Alhamisi ya Septemba 30, 1982, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya kipindi cha vichekesho kiitwacho Cheers. Sehemu hiyo, "Give Me a Ring Sometime", inaanza ndani ya baa na kumalizikia ndani ya baa hiyohiyo. Ukiondoa picha ya jengo kwa nje, kamera haivuki mlango. Msimu mzima wa kwanza ulikwenda hivyo. Wahusika wana nyumba, wake, watoto na kazi, lakini habari zao zote mtazamaji anazipatia kaunta.

Waigizaji wa Cheers wamesifiwa sana, na sifa hizo ni haki yao. Lakini kilichoibeba sehemu ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ule ukaidi wa kutotoka chumbani. Ukaidi huo haukuzaliwa mwaka 1982. Ulitoka redioni na jukwaani, tena ulirithiwa baba kwa mwana.

Mwaka 1941 redio za Marekani zilianza kurusha Duffy's Tavern, kipindi cha Ed Gardner, ambaye mwenyewe aliigiza Archie, msimamizi wa baa moja duni ya New York. Mwenye baa, Duffy, hakuwahi kutokea. Simu inalia, Archie anapokea, anajibizana na bosi wake, na msikilizaji anajaza mwenyewe maneno ya upande wa pili. Kwa mwandishi wa redio baa ilikuwa neema: mlango unafunguka, mtu anaingia na yake, anayasema, anatoka, na anayefuata hahitaji kutambulishwa kwa kirefu kwa sababu kila mtu anajua watu huenda baa kufanya nini. Aliyeongoza waandishi katika miaka ya mwanzo ya kipindi hicho ni Abe Burrows, ambaye baadaye aliingia Broadway, akashiriki kuandika Guys and Dolls mwaka 1950, na mwaka 1962 akawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Pulitzer kwa mchezo mwingine wa muziki. Mwanawe James, aliyezaliwa mwaka 1940, alianzia kazi kwenye michezo ya jukwaani kabla ya kuhamia televisheni katika miaka ya 1970. Ndiye muongozaji wa Cheers.

Duffy's Tavern ilikoma redioni mwaka 1951, na ilipojaribiwa kwenye televisheni mwaka 1954 haikushika. Hata hivyo Cheers haikuikuta televisheni bila baa. Cheers ilipoanza, CBS ilikuwa ikirusha Archie Bunker's Place, nayo mhusika wake mkuu alikuwa na baa. Tofauti ni kwamba Bunker alikuwa na umaarufu wake kutoka kipindi kilichotangulia, na baa ilimfuata yeye. Kwa Cheers baa ilitangulia, watu wakatafutwa baadaye.

James Burrows alishirikiana na ndugu wawili, Glen na Les Charles, ambao alikuwa amefanya nao kazi katika kipindi cha Taxi. Mwanzoni walifikiria hoteli, kwa kuwa waliipenda sana Fawlty Towers ya Waingereza. Walipoona kila tukio walilobuni linaishia kwenye baa ya hoteli, waliiacha hoteli. Wakachagua Boston, na wakapata sura ya nje katika Bull & Finch, baa ya chini ya ardhi iliyoko Beacon Street, mkabala na bustani ya umma ya mji huo. Ndani hakufanani na kinachoonekana kwenye televisheni. Baa ya kipindi ilijengwa Hollywood katika studio za Paramount, kwa usanifu wa Richard Sylbert, mtu wa filamu aliyekwisha kushinda Oscar. Kaunta iliwekwa katikati ya chumba, wateja wakaizunguka nyuso zao zikiwaelekea watazamaji waliokaa studioni. Ni mpangilio wa jukwaa hasa: anayeingia mlangoni huonekana na wote kabla hajafungua mdomo.

Jioni ya kwanza wa kwanza kuingia ni kijana anayetaka bia. Sam Malone, mwenye baa, anaigizwa na Ted Danson. Anaomba kitambulisho, kijana anatoa cha jeshi, na kwa mujibu wa kitambulisho hicho ana miaka 38. Sam hapandishi sauti. Anamuuliza kama aliwahi kupigana Vietnam, kijana anakubali. Anamuuliza vita ilikuwaje, naye anajibu kwa neno moja la watoto wa shule, la kusema kitu kinatia kinyaa. Sam anakubaliana naye kwa utulivu kwamba hata yeye amesikia vita iko hivyo, kisha anamnyima bia. Kijana anaondoka akilalamika kwamba hizo ndizo shukrani wanazopewa askari. Haijapita dakika moja nasi tumeshamjua Sam: ni mkarimu, haumbui mtu, na sheria ya baa yake haivunji. Massachusetts ya mwaka 1982 haikuruhusu pombe kwa aliye chini ya miaka 20, na miaka miwili baadaye jimbo hilo likapiga marufuku hata saa za kuuza vinywaji kwa bei ya punguzo.

Sam mwenyewe hanywi. Alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, ulevi ukamvuruga, na baa aliinunua akiwa bado mlevi. Waandishi walitaka kwanza awe mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, lakini umbo la Danson likafaa zaidi kwa besiboli. Kumweka mtu aliyeacha pombe nyuma ya kaunta ya pombe lilikuwa jambo zito, na sehemu ya kwanza inalitaja bila kulilia. Naona hapo ndipo kipindi kilipojipatia heshima yake.

Kisha anaingia Diane Chambers, anayeigizwa na Shelley Long, akiwa na Sumner Sloan, profesa wake na mchumba wake. Wako njiani kwenda Barbados kufunga ndoa. Sumner anamwacha hapo ili akachukue pete ya bibi yake iliyobaki kwa mtalaka wake. Diane anaketi na kusubiri, na kusubiri huko ndiko hadithi yenyewe. Wateja wanabishana ni filamu gani ambayo watu wake wametoka jasho kuliko zote. Carla, mhudumu mwenye ulimi mkali anayeigizwa na Rhea Perlman, anaingia kazini. Norm, mteja wa kila siku, anaketi kwenye kiti chake. Simu inalia, na Kocha, mzee wa kaunta anayeigizwa na Nicholas Colasanto, anauliza kama kuna mtu anayeitwa Ernie Pantusso. Sam anamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe, naye anarudi kwenye simu na kuitika. Simu nyingine inapokelewa na Diane. Ni mwanamke anamtafuta Sam, na Sam anaashiria kwa mikono kwamba hayupo. Diane anampa mwanamke huyo udhuru unaotokana na ishara zile zile: Sam ameenda darasa la maigizo bubu. Nikizisikiliza simu hizi mbili naisikia ile ya Duffy, mbinu ya baba mkononi mwa mwana baada ya miaka arobaini.

Sumner harudi. Amerudiana na mtalaka wake, na Barbados wameenda wao. Sam anamwomba Diane abaki afanye kazi ya uhudumu. Diane anaona ni tusi, hadi anapojikuta anakariri oda ndefu ya vinywaji bila kukosea hata kimoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa kwa baa hii, maana bila huyu msomi mwenye maneno mengi Sam asingekuwa na wa kumpa changamoto. Anapowahudumia wateja wake wa kwanza anawatolea hotuba ndefu ya jinsi msomi kama yeye alivyofika kazini hapo. Mteja anafungua kitabu chake cha lugha na kuuliza polisi wako wapi, mizigo yao imepotea.

Watazamaji walikuwa wachache. Kipindi kilikaa karibu na mkia wa orodha, na NBC yenyewe ilikuwa ya tatu kati ya mitandao mitatu mikubwa. Grant Tinker na Brandon Tartikoff, wakuu wa NBC, waliamua kukivumilia. Mwaka 1983 kilishinda tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha vichekesho, Shelley Long akashinda ya mwigizaji, na ndugu Charles wakashinda ya uandishi kwa sehemu hii hii ya kwanza. The Cosby Show ilipoanza usiku wa Alhamisi mwaka 1984, watazamaji walimiminika hadi Cheers nayo ikafaidika. Ikadumu misimu 11, hadi Mei 20, 1993. Colasanto hakuufikia mwisho huo, alifariki Februari 1985. Picha ya Geronimo aliyokuwa nayo katika chumba chake cha kubadilishia nguo ilitundikwa ukutani mwa baa, na katika sehemu ya mwisho Sam anaisogelea na kuinyoosha kabla ya kufunga.

Kaunta iliuzwa mnadani Juni 2023 kwa dola 675,000. Oktoba mwaka huohuo Frasier Crane, mteja wa zamani wa Cheers, alirudishwa Boston katika kipindi kipya. James Burrows, akiwa na miaka 82, aliongoza sehemu mbili za kwanza, na waandishi walikuwa wameshamtafutia Frasier baa ya kukaa, inaitwa Mahoney's.