Kaliba, kalibu na kipenyo

Mtangazaji wa mpira akisema mchezaji wa kaliba hii haokotwi barabarani, hakuna msikilizaji anayewaza bunduki. Wengine hutamka kariba, na maana ni ileile: daraja, kiwango, aina ya mtu. Neno hilo lilitoka kwenye mtutu, na wanaisimu wengi hulirudisha nyuma zaidi, kwenye qalib ya Kiarabu, yaani chombo cha kumiminia kitu kilichoyeyushwa. Hiyo si ngeni kwetu. Ni kalibu, ambayo mafundi wa pwani waliisubia risasi. Wazungu walilichukua neno lilelile, wakalipitisha Italia na Ufaransa, likaturudia limevaa kofia ya pama. Hata kalipa ya fundi mekanika ni ndugu yao.

Kwa hiyo hunikera kuona kaliba ikifasiriwa kuwa "kipenyo cha risasi". Kwa bunduki za baruti nyeusi za karne ya 19, fasiri hiyo inapotosha.

Chukua risasi za Marekani. Ile iitwayo 38-40 inadai sehemu 38 za mia za inchi, lakini ukiipima utapata 40, kama milimita 10.2. Ile ya 44-40 haifiki hata 43. Ya jeshi, 45-70 ya mwaka 1873, ina 458 za elfu. Namba ya pili haihusu upana hata chembe: ni uzito wa baruti kwa greni, na greni 70 ni kama gramu 4.5. Waingereza nao walikuwa na yao. Bunduki yao ya Martini-Henry, iliyopokelewa jeshini mwaka 1871, ilitumia 577/450, namba mbili kwa sababu ganda la 577 la bunduki ya Snider lilirefushwa na kubanwa shingo ili lishike risasi ya 450. Kaliba, basi, ni jina. Ukitaka kipimo, chukua kalipa.

Na upime nini? Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka ili risasi itoke ikizunguka kama pia, na kati ya mifereji mna matuta. Maneno ya shambani yanatosha kabisa hapa. Kipenyo kutoka tuta hadi tuta ni kidogo. Kutoka mfereji hadi mfereji ni kikubwa. Mwenye bunduki kuukuu hupaka mtutu mafuta, huingiza kipande cha risasi laini kinachobana kidogo, kisha hukisukuma kwa fimbo mpaka kitokee upande wa pili. Kinatoka kimechongwa kama gurudumu lenye meno. Pale palipoinuka ndipo mifereji, na hapo ndipo kalipa inaposhika.

Ajabu ni kwamba risasi nyingi za zamani zilikuwa nyembamba kuliko mifereji hiyo, na bado zililenga. Madini yake ni laini, na baruti nyeusi huipiga kitako kwa ghafla. Risasi hufupika, hufutuka, ikajaza mifereji. Mfaransa Minié, mwaka 1849, aliipa risasi yake tundu kitakoni ili mlipuko wa baruti uitanue. Martini-Henry ilitumia njia nyingine: risasi nzito ya greni 480, iliyochanganywa na bati kidogo na kuvikwa karatasi ili isipake madini mtutuni. Zisizo na karatasi zilichongwa pete kiunoni na kujazwa shahamu au nta, maana masizi ya baruti nyeusi yakikauka huwa magumu.

Risasi ya kuvikwa karatasi ilifika hata kwetu. Vitani Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, milimita 11, risasi ya gramu 25 juu ya gramu 5 za baruti. Kila walipofyatua, wingu jeupe lilionyesha walipojificha.

Pendekezo langu ni kaliba kwa jina, kipenyo kwa kipimo, na kalibu ibaki ya fundi wa kusubu. Naye asidhani tundu la kalibu yake ndilo neno la mwisho: risasi isiyochanganywa hunywea zaidi ikipoa kuliko iliyotiwa bati, hivyo kalibu moja huzaa vipenyo viwili.