Mikarafuu ya Pemba na Daftari Lililofutika

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi za nyumba moja kongwe huko Mkunazini, ambamo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimepanga chumba cha ofisi. Nilitaka kujua akiba yangu imefika wapi kabla sijaomba mkopo wa kuezekea nyumba. Nikamkuta kijana wetu wa kompyuta kashika kichwa. Mweka hazina, bibi mmoja aliyeanza kushika fedha za watu tangu enzi za madaftari ya karatasi, kakaa pembeni hasemi neno. Nikatoa salamu, ikaitikiwa kwa sauti ya msibani.

"Babu," akasema yule kijana, "daftari limefutika."

Daftari alilokusudia si la karatasi. Kwa miaka kadhaa sasa hesabu za wanachama wote zimo katika kile wanachokiita wingu. Msikilizaji asidhani ni jambo la mbinguni. Ni hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta, iliyowekwa katika mashine za watu wengine nchi za mbali, nasi tunaifikia kwa intaneti na kuilipia kodi kila mwezi. Siku hiyo mkono uliokusudia kufuta daftari la majaribio ulifuta la kweli. Kijana alitoka jasho lakini hakukata tamaa, kwani kila usiku mashine ilikuwa ikitengeneza nakala ya akiba, na orodha ya nakala hizo aliiona kwa macho yake, zimejipanga kama chupa dukani. Akaifungua ya jana. Tupu. Ya juzi, tupu. Akarudi nyuma mpaka akaipata yenye kitu ndani, nayo ilikuwa ya miezi saba iliyopita. Tangu hapo mashine ilikuwa inapanga chupa kila usiku bila ya kuzitia mafuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua moja akaonja.

Sikuwa na uso wa kumlaumu. Mabingwa wenyewe yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ndiyo hii ya kuwawekea watu kazi zao za kompyuta, alifuta hifadhidata ya kweli usiku akiwa amechoka. Alipozinduka na kusimamisha amri yake, katika gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki nne na nusu. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Moja ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani, hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita kabla ya balaa. Kuirejesha kuliwachukua karibu saa 18, na yaliyoandikwa katika zile saa sita yakapotea moja kwa moja. Nawasifu kwa jambo moja: hawakuficha. Walieleza kila kitu hadharani, mpaka kazi ya kurejesha waliionyesha moja kwa moja watu wakiitazama. Ofisi nyingi nizijuazo zingesema mtandao uko chini, njoo kesho.

Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa historia. Nilipotoka pale nilikwenda kukaa Forodhani, na nikitazama boti inayotoka Pemba ikiingia Malindi, kilichonijia kichwani ni mwaka 1872.

Karafuu, kama ujuavyo, si mti wa asili wa kwetu. Kwao ni visiwa vya Maluku. Waholanzi walipovishika visiwa hivyo waliamua karafuu ya dunia itoke mahali pao tu, wakang'oa mikarafuu ya visiwa vingine na kuubakisha ukulima wake Ambon. Kwa lugha ya yule kijana wetu, walizifuta nakala zote wakabaki na moja, na ufunguo wakautia mfukoni. Karne ya 18 Wafaransa wakaiba miche wakaipanda Mauritius na Reunion, na kutoka huko mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu ikafika Unguja. Seyyid Said akawahimiza watu kuipanda, wengine kwa amri, na jasho lililomwagika mashambani likawa la watumwa. Mashamba yakaenea Unguja na yakavuka bahari hadi Pemba.

Unguja iko karibu na mstari wa ikweta, na vimbunga vikubwa ni nadra kufika huku. Ndiyo maana tarehe 15 Aprili 1872 watu hawakuwa wamejiandaa. Kimbunga kilivunja vyombo bandarini, zikiwamo merikebu za Sayyid Barghash, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Mashambani kililaza mikarafuu na minazi kama mtu anayepangusa meza. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iliondoka kwa siku moja.

Pemba haikuguswa sana. Kimbunga kile kile, bahari ile ile, lakini mikarafuu ya Pemba ilibaki imesimama. Hakuna sultani wala tajiri aliyekuwa amepanga kuwa Pemba iwe akiba ya Unguja. Ilitokea tu kwamba mti ule ule ulikuwa umepandwa mahali pawili penye mbingu mbili. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba Pemba wakaneemeka. Unguja wakaanza upya na miche. Mkarafuu, msikilizaji, si mchicha. Unaupanda na kuusubiri miaka mingi kabla haujakupa mavuno ya maana, na katika miaka hiyo deni halingoji. Mashamba yalirejea, lakini ukubwa wa biashara haukurejea ulipokuwa. Kutoka hapo mpaka leo, karafuu ni Pemba. Kwa hiyo hata nakala ikiwapo, kurejesha kuna muda wake na kuna gharama yake, na kinachorudi huwa si kile kile kilichoondoka.

Hili la mwisho linanisumbua zaidi nikiwa Kilimani, kwenye Nyumba ya Nyaraka iliyoanzishwa mwaka 1956, ambako nimekula miaka yangu mingi nikisoma. Karatasi ina maadui watatu katika mji wetu: mchwa, unyevu wa bahari, na mtu anayehama ofisi. Unapokutana na jalada lililoliwa, unafanyaje? Unatafuta pacha wake.

Na pacha mara nyingi yupo, kwa sababu ya namna kazi ilivyofanywa. Mwaka 1841 Waingereza walimleta hapa Kapteni Atkins Hamerton, na mtu huyu alikuwa na mabwana wawili. Akiwa balozi alimwandikia waziri wa mambo ya nje London. Akiwa wakala wa Kampuni ya India ya Mashariki aliiandikia serikali ya Bombay. Mambo ya Unguja yakawa yanaandikwa mara mbili na kusafiri pande mbili. Wafanyabiashara nao walikuwa na desturi ya kutuma barua moja kwa jahazi hili na nakala yake kwa merikebu nyingine, kwa kuwa walijua bahari haina adabu. Ndiyo sababu leo anayetaka habari za soko la Unguja la miaka ile anaweza kuzipata Kew, London. Kwenye nyaraka za jimbo la Maharashtra huko Mumbai. Hata Salem, Marekani, walikotoka wafanyabiashara kama Richard Waters, aliyekuja hapa kuwa balozi wa Marekani mwaka 1837. Jalada la Kilimani likitoboka, tundu lake huenda likazibwa kutoka ng'ambo.

Lakini tazama ni nini kinachorudi. Kinarudi alichokiona Hamerton na alichoona Waters kinafaa kuandikwa: bei ya pembe, mkataba, ugomvi na jirani, idadi ya majahazi. Mama aliyeuza vitumbua Malindi hakuandikiwa barua Bombay. Yaliyomo katika nyumba za Waswahili, hukumu za makadhi, karatasi za familia, mengi yaliandikwa mara moja na kukaa mahali pamoja. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoyapiga mabomu majumba ya kifalme kwa muda usiotimia saa nzima, Beit al-Hukm ilibomoka, na kila karatasi iliyokuwa humo bila ya pacha kwengine ilikwisha siku ile. Tunaikumbuka Unguja ya karne ile kwa kumbukumbu ya wageni kwa sababu wageni ndio waliokuwa na desturi ya nakala. Sisemi hivi kwa kuwasifu. Nasema kwa uchungu.

Na tusidhani wenye majumba ya vioo wameshapona. Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha kompyuta za serikali ya Korea Kusini, mji wa Daejeon. Humo mlikuwa na ghala la wingu ambamo watumishi wa serikali walikuwa wanaweka kazi zao, terabaiti 858. Ghala hilo halikuwa na akiba nje ya jengo. Walisema ni kubwa mno kunakiliwa. Likateketea lote. Hiyo ni nchi inayouzia dunia nzima simu na kompyuta. Sasa nasi tunapeleka huko huko mawinguni hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya skuli, na mimi nina swali moja kwa wakubwa wanaonisikiliza, wala silo la utaalamu: mara ya mwisho mlipoirejesha nakala yenu, mkaifungua na kuisoma, ilikuwa lini?

Turudi Mkunazini. Nakala ya miezi saba nyuma ilirejeshwa, na kijana alikuwa na akili ya kuiweka kwenye mashine mpya, asiimwage juu ya mabaki ya ile iliyoharibika, asije akapoteza na hayo. Ikabaki miezi saba yenye shimo. Hapo ndipo yule bibi akanyanyuka, akafungua kabati na kutoa daftari la mistari lenye jalada gumu. Kumbe miaka yote hiyo, kila jioni akishafunga hesabu ya kompyuta, alikuwa anaiandika tena kwa mkono. Tuliwahi kumcheka. Viongozi walimwambia mara mbili aache kupoteza wino.

Hata hivyo daftari lake lilikuwa na fedha zilizoingia tu, si mikopo iliyotoka. Kwa hiyo tangazo likapita kwa wanachama: kila mtu aje na kijitabu chake. Siku tatu ngazi zile zilijaa watu, wengine wamefunga vijitabu vyao ndani ya kanga, wengine vimelowa, mzee mmoja chake kimetafunwa pembe na mbuzi. Kijana anasoma, bibi anahakiki, mwenye kijitabu anaapa. Ugomvi ulikuwapo, na shilingi za watu wawili watatu mpaka leo hazijakubaliana. Mkopo wangu wa mabati umesogezwa mbele.

Jumamosi iliyopita nilipita tena. Walikuwa wanairejesha nakala ya usiku wa Ijumaa kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa kwa kazi hiyo tu, kuona kama ina kitu ndani. Ilichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Bibi akataja jina langu, kijana akalitafuta, hesabu ikatokea, nami nikatoa kijitabu mfukoni tukalinganisha. Zilikuwa sawa. Nakala ya pili, akaniambia, inapelekwa kila mwezi kwa dada yake, Chake Chake.