Wembe Mpya na Nyuzi Mbili: Uzazi wa Wakimbizi kutoka Rusumo hadi Kagunga

Kipande cha nailoni cha kutandika, kipande cha sabuni, wembe mpya na nyuzi mbili. Hivyo ndivyo vilivyomo katika kifurushi cha kujifungulia wanachogawiwa wakimbizi wajawazito, na mama anaweza kukifunga kwenye pindo la kanga akaendelea na safari. Sabuni ni ya mikono ya yeyote atakayempokea mtoto, awe mkunga au jirani. Nyuzi ni mbili kwa sababu kitovu hufungwa mahali pawili, kikakatwa katikati ya mafundo. Wembe lazima uwe haujafunguliwa, kwa kuwa uliokwisha kutumika unaweza kumletea mtoto pepopunda, na mtoto mchanga mwenye pepopunda huacha kunyonya siku chache baada ya kuzaliwa, akakakamaa, na wengi hufa. Mimi ni mkunga mstaafu wa Ngara. Naieleza historia ya kifurushi hiki kwa sababu ilipita wilayani kwetu, na kwa sababu hadi leo hakijafika pale kinapohitajika zaidi.

Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Wengi walitua Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kwa kuwa palikuwa na bwawa. Kwamba ndani ya umati ule walikuwamo pia waliofanya mauaji ya kimbari, hilo linajulikana. Mtoto aliye tumboni hana kesi ya kujibu.

Wapangaji wa huduma za dharura wana kipimo chao: katika umati wa namna ile, kadiria watoto 40 kwa mwaka kwa kila watu 1,000. Chukua watu 250,000. Ni watoto 10,000 kwa mwaka, zaidi ya 27 kila siku, bila kuhesabu mimba zinazoharibika njiani. Kuvuka daraja hakuisimamishi hesabu hiyo.

Lakini misaada ya miaka ile ilipangwa kana kwamba husimama. Maji, maturubai, mahindi, dawa za kuhara, chanjo ya surua: hayo yalijulikana, na yaliokoa maisha mengi. Sanduku la dawa za dharura la kimataifa la mwaka 1990 lilitengenezwa litosheleze watu 10,000 kwa miezi 3, na mpango wake ulianzia kwenye malaria, kuhara na vidonda. Hedhi ilisahauliwa. Uzazi wa mpango ulionekana ni anasa ya watu waliotulia. Fikiria basi mwanamke wa Kibungo, ng'ambo tu ya Rusumo. Rwanda ilikuwa na ofisi ya serikali ya mambo ya uzazi tangu 1981, na sindano ya miezi mitatu ilikuwa ikitolewa. Aliyechomwa Februari alipaswa kurudi Mei. Mei alikuwa Benaco, chini ya turubai, na kliniki yake ilikuwa upande wa pili wa mto.

Mwaka huohuo mambo yalianza kugeuka. Kamisheni ya wanawake wakimbizi yenye makao New York ilichapisha ripoti ikionyesha kwamba huduma za uzazi karibu hazipo kabisa kambini. Septemba ukafanyika mkutano wa Cairo wa idadi ya watu na maendeleo, na haki ya afya ya uzazi ikatamkwa kuwa ni ya wakimbizi na waliohama makwao pia. Mwaka 1995 mashirika yalikutana Geneva, na kutokana na kazi hiyo ukatoka mpango wa huduma za chini kabisa zinazopaswa kuanza tangu siku za mwanzo za dharura: kuzuia ubakaji na kuwatibu waliobakwa, kuzuia maambukizi ya VVU, kuokoa wazazi na watoto wachanga. Kifurushi cha wembe na nyuzi kikapata nafasi yake humo.

Kanda yetu ilichangia zaidi ya mateso. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti wa Mwanza: kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, katika zahanati za kawaida zisizo na maabara, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Njia hiyo ndiyo inayofaa watu walio safarini, kwa sababu mgonjwa hupewa dawa siku ileile. Ukimwambia msafiri arudi wiki ijayo kuchukua majibu, umemkosa.

Kuhusu ubakaji nasema kwa kifupi, maana unaniuma. Kambini Kanembwa, Kibondo, wanawake wa Burundi walipoulizwa mwaka 1996, karibu mmoja kati ya wanne alieleza kuwa amefanyiwa ukatili wa kingono tangu awe mkimbizi. Kambi ilikuwapo, lakini kuni za kupikia zilikuwa porini.

Kisha ikaja Mei 2015. Warundi zaidi ya 50,000 walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inachukua watu wapatao 600 kwa safari kuwapeleka Kigoma, na kwa kuwa haikuweza kutia gati, abiria walisogezwa kwa mitumbwi. Kipindupindu kikaingia. Wajawazito waliipanda meli ile, na waliotoka kujifungua pia. Waliofika Kigoma walipokewa uwanja wa mpira, wakapakiwa mabasi hadi Nyarugusu, ambako wodi ya wazazi ilikuwapo. Mama mwenye kifafa cha mimba hakuwa na muda wa safari yote hiyo.

Miaka 21 ilipita kati ya Rusumo na Kagunga. Kambi zimeboreka sana. Njia yenyewe bado. Halmashauri za mipakani, kuanzia Ngara hadi Kigoma, tengeni bajeti sasa, kabla ya umati unaofuata: mkunga mmoja wa zamu katika kila kituo cha kupokea watu, vifurushi vya kujifungulia, taulo za kike, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za aliyebakwa ndani ya saa 72, na pazia la kumstiri mgonjwa.