Kutoka Mwitikio hadi Fahamu: Historia ya Kipimo cha Koma cha Glasgow na Mchango wa Neurosayansi ya Utambuzi, 1974–2024

1.0 Utangulizi

Majeruhi wa kichwa anapofikishwa katika chumba cha dharura, mara njia ya hewa na mzunguko wa damu vinapokuwa salama, swali linalofuata ni kama ana fahamu. Swali hilo linaonekana jepesi, lakini jibu lake huamua nani apelekwe kwenye upasuaji, nani awekewe mrija wa kupumulia na, siku zinaposonga, nani aendelee kutibiwa. Kwa nusu karne jibu hilo limetolewa zaidi kwa Kipimo cha Koma cha Glasgow, ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikichapisha katika jarida la The Lancet mwaka 1974. Makala hii inafuatilia historia ya kipimo hicho hadi mwaka 2024. Hoja yake ni kwamba kipimo kilibuniwa kupima mwitikio wa mwili, nacho kilifanya kazi hiyo vyema. Kosa lilizuka pale ukimya wa mwili uliposomwa kuwa ushahidi wa ukimya wa akili.

2.0 Hali kabla ya mwaka 1974

Kuenea kwa mashine za kupumulia na wodi za wagonjwa mahututi baada ya miaka ya 1950 kuliwaokoa wagonjwa ambao hapo awali wangekufa katika saa za mwanzo. Hata hivyo, lugha ya kuwaelezea haikuwa imekua. Madaktari walitumia maneno kama usingizi mzito, bumbuwazi na nusu koma, na kila hospitali ilikuwa na maana yake. Mgonjwa aliyeitwa wa nusu koma na daktari wa zamu ya mchana aliweza kuitwa wa koma na mwenzake wa usiku, pasipo yeyote kujua kama aliyebadilika ni mgonjwa au ni msamiati.

Madhara ya utata huo yalikuwa dhahiri katika Taasisi ya Sayansi za Neva jijini Glasgow, alikofanya kazi Jennett, profesa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu majeruhi waliozungumza baada ya kuumia kisha wakafa. Majeruhi aliyeweza kuzungumza alionyesha kwamba pigo la awali pekee halikutosha kumuua. Wengi wa watu hao walikuwa na damu iliyovujia ndani ya fuvu na kuubana ubongo, hali ambayo upasuaji wa mapema ungeweza kuitibu. Kilichohitajika ni njia ya kugundua kwamba mgonjwa anazama kabla hajazama kabisa.

3.0 Ubunifu wa kipimo

Teasdale na Jennett waliacha kuuliza fahamu ni nini, wakauliza ni nini kinachoonekana kitandani. Walichagua mambo matatu: kufungua macho, kusema na kujongeza viungo. Kila jambo liligawanywa katika hatua. Macho hufunguka yenyewe, au kwa kuitwa, au kwa maumivu, au hayafunguki. Mgonjwa hujibu kwa ufasaha, au huchanganyikiwa, au hutoa maneno yasiyohusiana, au hutoa sauti tu, au hukaa kimya. Viungo navyo hupangwa kuanzia kutii amri hadi kutojongea kabisa.

Nguvu ya ubunifu huo ilikuwa katika wepesi wake. Muuguzi aliweza kuutumia kila baada ya muda mfupi, akachora matokeo kwenye chati, na mteremko wa mstari ukamwita daktari. Katika makala ya 1974 hatua hizo hazikujumlishwa kuwa alama moja. Jumla ilikuja baadaye, na baada ya kipengele cha viungo kuongezewa hatua ya sita, ikawa ni kuanzia 3 hadi 15. Katika muongo wa 1980 mafunzo ya ATLS kwa madaktari wa majeruhi yalikipendekeza kipimo, nacho kikaenea ulimwenguni.

4.0 Uzito wa namba moja

Jumla ilirahisisha mawasiliano, lakini ilificha mengi. Wagonjwa wawili wenye alama 8 wanaweza kuwa na majeraha tofauti kabisa. Mwenye mrija kooni hawezi kusema, na aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua hawezi kujibu, hata kama akili yake ni timamu. Teasdale aliendelea kusisitiza kwamba vipengele vitatu viripotiwe kimoja kimoja, na mapitio ya mwaka 2014 yaliyoadhimisha miaka 40 ya kipimo yaliagiza kwamba kipengele kisichopimika kiandikwe hivyo badala ya kupewa alama ya chini.

Uzito wa suala hili ulionekana zaidi nje ya chumba cha dharura. Mwaka 1972 Jennett, pamoja na Fred Plum wa New York, walikuwa wameipa jina hali ya wagonjwa ambao hufungua macho, hulala na kuamka, lakini hawaonyeshi dalili yoyote ya kujitambua wala kutambua mazingira. Hali hiyo inaitwa hapa uhai usio na mwitikio. Mwaka 1993 majaji wa Baraza la Malodi nchini Uingereza waliruhusu kusitishwa kwa ulishaji wa Tony Bland, kijana aliyeumia katika maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Jennett alikuwa miongoni mwa mabingwa waliotoa ushahidi. Uharibifu wa ubongo wa Bland ulikuwa mkubwa mno, na historia ya baadaye haijautilia shaka. Hata hivyo, tangu hapo ilikuwa wazi kwamba utambuzi wa daktari kuhusu fahamu unaweza kuwa msingi wa uamuzi wa kisheria kuhusu uhai.

5.0 Tenisi na nyumba

Changamoto ilitoka katika neurosayansi ya utambuzi. Mwaka 2006 Adrian Owen, aliyekuwa Cambridge, pamoja na wenzake wakiwemo wa Liège, walichapisha katika jarida la Science taarifa ya mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na kutambuliwa kuwa katika uhai usio na mwitikio. Akiwa ndani ya mashine ya MRI, aliombwa awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anatembea ndani ya nyumba yake. Ubongo wake uliwaka katika maeneo yale yale yanayowaka kwa watu wazima wa afya wanaopewa maagizo hayo. Alikuwa ametii amri bila kujongeza kidole.

Mwaka 2010 kundi hilo liliripoti kuhusu wagonjwa 54. Watano waliweza kuongoza utendaji wa ubongo wao kwa hiari, na mmoja alitumia tenisi na nyumba kama ndiyo na hapana kujibu maswali rahisi.

6.0 Kurudi wodini

Wagonjwa wa Owen walipimwa baada ya tufani kupita. Swali la wodi ya wagonjwa mahututi lilijibiwa mwaka 2019, pale Jan Claassen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walipopima mawimbi ya umeme ya ubongo ya wagonjwa 104 wasioitikia amri, wakiwaambia wafungue na kufumba mkono. Wagonjwa 16, yaani asilimia 15, walionyesha kwamba ubongo uliipokea amri ambayo mkono haukuitekeleza. Baada ya miezi 12, wagonjwa 7 kati ya hao 16 waliweza kujitegemea kwa angalau saa nane kwa siku, ikilinganishwa na 12 kati ya 84 wa kundi la pili waliofuatiliwa. Mwaka 2024 utafiti wa vituo kadhaa ulikuta hali hiyo kwa wagonjwa 60 kati ya 241 wasioitikia.

Inafaa kuzingatia kwamba kujitegemea huko kulipimwa kwa toleo lililopanuliwa la Kipimo cha Matokeo cha Glasgow, ambacho Jennett na Michael Bond walikichapisha mwaka 1975. Sayansi mpya ilithibitishwa kwa rula ya wale wale iliowakosoa.

7.0 Hitimisho

Historia hii haionyeshi kipimo kibaya kilichoondolewa na kizuri. Mashine ya MRI haiwezi kusubiriwa na majeruhi ambaye damu inaubana ubongo wake, na chati ya muuguzi ingali ndiyo kengele ya kwanza. Inachoonyesha ni mpaka wa ushahidi. Mwitikio ukiwepo, fahamu ipo. Mwitikio usipokuwepo, hakuna kilichothibitishwa. Kwa daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa katika siku za mwanzo, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha tahadhari na hukumu.